Kanzu ya Msafiri

Wiki ile usingizi ulinikimbia kwa sababu ya kanzu moja nyeupe na swali lililokuja nayo: ni nani mwenye ruhusa ya kusema kwamba mtu amekufa? Daktari? Kadhi? Mwalimu wa historia? Au kilembwe asiye na kazi, aliyemaliza chuo kikuu na bado analala katika chumba kile kile alichokuwa akilala alipokuwa akiogopa giza? Mimi ni mtu wa kufikiri mara kumi kabla ya kupokea simu. Swali kama hilo kwangu si swali, ni maradhi.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amefariki, na arubaini yake ilikuwa inakaribia. Mama aliniambia nitoe nguo zake zote kabatini, maana kwetu nguo za maiti hazikai. Hufuliwa, hupigwa pasi, hugawiwa, zikavaliwa na walio hai na thawabu zikamfuata mwenyewe alikokwenda. Nikatoa mabuibui, madira, kanga ambazo hata hazijakatwa, soksi nzito za kuvalia baridi ya Ilford, hapa Uingereza. Chini kabisa, chini ya blanketi la wageni, nikaukuta mfuko wa plastiki. Nilipoufungua harufu ya udi ikanipiga usoni, nikakaa kitako sakafuni na kanzu nyeupe mapajani.

"Hiyo si yake," mama alisema kutoka mlangoni.

"Najua si yake."

"Basi iweke pembeni."

"Pembeni wapi, mama?"

Mama anafanya kazi halmashauri, idara ya nyumba, na kutwa nzima huulizwa na watu maswali asiyoweza kuyajibu. Akirudi nyumbani hataki swali la aina hiyo. Alichukua rundo la kanga akashuka ngazi, akaniacha na nguo ya mwanamme ambaye hata yeye hajapata kumuona.

Wenzangu wa rika langu, mliolelewa Ilford na Barking na Manor Park, mnaikumbuka mikesha ya Idi katika nyumba zile zilizobanana. Kwetu ilikuwa vita baina ya Bibi na king'ora cha moshi. Bibi alikuwa akiwasha makaa juu ya jiko la gesi, akiyatia kwenye chetezo, akiweka vipande vya udi, kisha akikifunika kwa kapu la nguo chafu la fito na kutandaza nguo za nyumba nzima juu yake, moja baada ya nyingine. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya kiti nikipepea taulo chini ya king'ora kisilie. Kililia kila mwaka. Jirani, mama mmoja wa Kipunjabi, alikuwa akigonga ukuta na kusema kwa sauti, "Idi njema, dada."

Kwanza zilifukizwa nguo za baba, kisha za mama, kisha dira la Bibi, kisha gauni langu. Mwisho kabisa, makaa yakiwa yameanza kufifia, Bibi alikuwa akiongeza udi mzuri kuliko wote, ule wa kwenye kikopo kidogo, na kutandaza kanzu ambayo hapana mtu katika nyumba ile aliyeivaa.

"Ya nani hii, Bibi?"

"Ya babu."

"Babu gani?"

"Babu Makame. Babu yangu mimi."

"Yuko wapi?"

"Safarini."

Hakuna zaidi. Na katika dua zake, baada ya kila sala, Bibi alikuwa akiwataja marehemu wake mmoja mmoja, akiwaombea makaburi yenye nuru, kisha akipumua kidogo na kusema kwa sauti nyingine, sauti ya mtu anayemuagiza mtoto dukani, "Na msafiri wetu Makame bin Ali, mrejeshe salama, ya Rabbi."

Mimi nilimuamini. Kwa nini nisimuamini? Watu wetu wote walikuwa wasafiri. Kila baada ya miezi michache tulikuwa tukienda Heathrow kumpokea mtu mwenye masanduku yanayonuka pweza mkavu na karafuu. Kwa hivyo Babu Makame atakuja, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa wasiwasi tangu siku zile, nilianza kupanga. Atalala wapi? Chumba cha Bibi hakiwezekani, wote wawili ni wazee. Nikaamua atalala sebuleni, na nitamfundisha kutumia bomba la mvua, maana wageni wote huungua siku ya kwanza. Nilikuwa nikijilaza kitandani nikimuwazia taratibu zake. Umri wake haukunijia akilini hata mara moja. Watu wazima wote kwangu walikuwa sawa: wazee.

Mwaka nilioingia sekondari cheche ya makaa iliruka ikaitoboa kanzu kifuani. Bibi aliitazama tundu ile, akaikunja kanzu, na Jumamosi yake akanishika mkono tukaenda kwa fundi.

Fundi Kanti alikuwa Mhindi wa Mombasa, na duka lake barabara ya Ilford Lane lilikuwa jembamba kiasi kwamba mteja akiingia mwingine lazima atoke. Kiswahili chake kilikuwa kikimtoka haraka haraka, kana kwamba alikuwa amekiweka akiba kwa siku kama ile.

"Karibu, mama mkubwa. Leo nani anaoa?"

"Hapana anayeoa. Nataka kanzu."

"Ya mzee?"

"Ya mzee."

"Mlete nimpime basi."

Bibi alifungua mkoba akatoa uzi mnene wa pamba, uliogeuka rangi ya chai kwa ukongwe, wenye vifundo. "Kipimo hiki hapa. Fundo la kwanza urefu wa mkono, la pili kifua, la mwisho bega mpaka kifundo cha mguu."

Kanti aliuning'iniza uzi mbele ya macho yake. "Mama, kwetu hii tunafungia mbuzi."

"Kwetu tunapimia watu."

"Watu wananenepa, mama. Kipimo cha lini hiki?"

"Huyu hanenepi."

"Yuko wapi kwani? Dubai?"

"Yuko kazini. Kwa wakubwa."

Kanti akacheka. "Basi niongeze kitambaa tumboni. Wakubwa wanalisha vizuri."

"Hawalishi," alisema Bibi.

Alisema kwa upole kabisa, lakini Kanti aliacha kucheka. Akaunyoosha uzi juu ya meza kando ya futi yake, akapiga mistari kwa chaki. "Mfupi mzee wako," akasema, kisha akanikonyeza mimi. "Huyu mtoto akikua kidogo watalingana." Nilifurahi. Katika darasa letu mimi nilikuwa wa mwisho kwa kimo, na sasa nilikuwa na babu wa saizi yangu.

Njiani nilimuuliza Bibi kazi gani hiyo anayofanya babu.

"Kubeba mizigo. Vita vya Mjarumani na Mwingereza."

Nikayaunganisha mwenyewe: kanzu mpya inashonwa, maana yake anakaribia kurudi.

Hapo ndipo inapoingia shule.

Mwalimu wetu wa historia, Miss Dawson, alikuwa amebandika ukutani kadi tatu kubwa za rangi: Sababu, Mageuzi, Mwisho. Chini ya kila kadi tulikuwa tukibandika karatasi ndogo ndogo. Mimi nilizipenda kadi zile. Mtoto mwenye wasiwasi hupenda sana kuambiwa kwamba kila jambo lina sababu yake, lina mahali lilipogeuka, na lina siku lilipokwisha. Sababu: madola makubwa ya Ulaya yakioneana wivu kwa manowari na makoloni, mikataba ya kusaidiana, mrithi wa mfalme aliyepigwa risasi ndani ya gari. Mageuzi: mahandaki ya Ufaransa, gesi, vifaru, Wamarekani wakavuka bahari. Mwisho: behewa la treni msituni, kalamu, saa tano asubuhi, bunduki zote kimya. Ukuta mzima, na Afrika haikuwamo isipokuwa katika lile neno makoloni, kama kitu kilichogombaniwa na wenyewe, si mahali palipokuwa na watu.

Siku hiyo Miss Dawson aliuliza nani ana mtu wa ukoo wake aliyekuwa katika vita hivi, kwani shule ilitaka kubandika majina yao ukumbini kwa siku ya kumbukumbu, kila jina juu ya ua jekundu la karatasi. Liam alikuwa na babu mwenye nishani. Kiran alikuwa na babu wa Kipunjabi aliyepigana huko huko Ufaransa. Na mimi nikanyoosha mkono.

"Babu yangu yuko vitani."

"Alikuwa vitani," alinirekebisha Miss Dawson, akidhani ni Kiingereza changu.

"Hapana, Miss. Yuko. Hajarudi bado."

Darasa likaangua kicheko. "Labda anasubiri basi la ishirini na tano," alisema Liam, na hata wale waliokuwa hawajacheka wakacheka, kwani basi lile lilikuwa likitutesa sote.

Miss Dawson hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana ningekuwa na mtu mbaya hasira zangu zingepata pa kukaa. Alikuja akainama karibu na meza yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, ya huruma, kwamba vita vile viliisha zamani sana, kabla hata bibi yangu hajazaliwa. Kama babu hakurudi, basi alikufa.

Kisha akanichukua kwenye kompyuta. Ilikuwepo kumbukumbu ya wafu wa vita, ukiandika jina unaonyeshwa kaburi. Tukaandika Makame. Tukaandika Makami. Tukaligeuza jina la baba likawa mbele. Skrini ikawa inatujibu jibu lile lile, kwamba hakuna.

"Alikuwa kikosi gani?"

"Alikuwa akibeba mizigo."

"Ah," alisema Miss Dawson. Nimeisikia ile "ah" mara nyingi tangu siku ile, katika ofisi mbalimbali. Ni mlango unaofungwa bila ya kubamizwa. "Tatizo ni kwamba ukutani tunaweza kuweka majina tuliyoyathibitisha tu. Lakini hutaachwa nje, usijali." Akanipa ua la karatasi lenye jina la kijana mmoja wa Ilford, msaidizi wa muoka mikate, ambaye hakuwa na jamaa shuleni kwetu.

Tazameni jambo hilo. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana mwanamke yule alikuwa amemuua babu yangu, na kabla ya kengele kumaliza kulia alikuwa amemfuta. Alikuwa amekufa vya kutosha kuninyamazisha, lakini hakufa vya kutosha kubandikwa ukutani.

Kuna jambo jingine, na sijapata kumwambia mtu. Tangu shule ya msingi, kila Novemba tuliposimamishwa kimya kwa dakika mbili, mimi nilidhani tunasikiliza. Nyumbani, mtu akichelewa kurudi, mama alikuwa akisema "hebu nyamazeni," akazima televisheni, tukatega masikio kama kuna hatua mlangoni. Kwa hivyo nilipoona nchi nzima imenyamaza, mabasi yamesimama, watu wazima wameinamisha vichwa, nilifahamu kwamba wanatega masikio. Wako ambao hawajarudi, na Uingereza nzima inanyamaza mara moja kwa mwaka isikie kama wanakuja. Nilikuwa nikijivunia. Nilidhani wanamsaidia Bibi kungoja.

Mwaka ule nilisimama ukumbini na ua la kijana wa mikate mkononi, tarumbeta likapigwa, watu wakanyamaza, na nikajua kwamba hakuna anayesikiliza kitu. Walikuwa wakiwakumbuka watu waliokwisha kujulikana walipozikwa.

Niliporudi nyumbani Bibi alikuwa jikoni akimenya muhogo. Sikuvua hata koti.

"Amekufa," nilimwambia kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili iume. "Babu Makame amekufa. Miss kasema."

Bibi aliweka kisu. "Kamuona?"

"Nani?"

"Huyo Miss. Kamuona akikata roho? Kamkosha? Kamsalia?"

"Hapana."

"Basi kajuaje?"

"Vita vimekwisha, Bibi. Vilikwisha zamani. Kila pahala."

"Nani kakwambia kila pahala? Kwetu hajaja mtu kusema vimekwisha."

Mama, aliyekuwa ndio kwanza anaingia kutoka kazini, alisema, "Mama, mtoto atakuja kuota."

"Na aote," Bibi alisema. "Wengine tumeota maisha." Akanivutia kiti, akaanza kunieleza, huku anaendelea kumenya.

Babu Makame alikuwa mchoma chokaa, huko kusini ya Unguja. Alikuja mjini na chokaa yake kuuza, Idi iko karibu, na nyumbani mkewe, Bibi Mize, alikuwa amekwisha kumpima kwa uzi na kumshonea kanzu mpya. Mjini askari walikuwa wakikamata wanaume. Serikali ya Mwingereza ilitaka watu wa kubeba mizigo ya vita huko bara, na waliojitolea hawakutosha. Walimchukua na msuli wake wa kazini kiunoni, una chokaa. Kariakoo, walikuwa wakiwaita watu hao, na leo jina hilo ni soko kubwa la Dar es Salaam, watu wananunua vitunguu.

"Kwa nini yeye?" niliuliza. Nilikuwa nataka sababu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba zipo.

"Kwa sababu alikuwa na kichwa cha kubebea," alisema Bibi.

Alirudi mtu mmoja tu wa mji wao, kakonda, akasema aliachana na Makame njiani, mvua zinanyesha, wanakula unga wa mahindi haujaiva na matumbo yanawakata. Alimuacha hai. Hilo ndilo neno la mwisho. Bibi Mize akaenda kwa kadhi, na kadhi akamwambia miaka imepita, akitaka atamfungulia njia, akae eda, aolewe. Bibi Mize akasema, "Nikae eda ya nani? Nani kamuona amekufa?" Akarudi kwake akaifukiza kanzu. Kila Idi akaifukiza. Ilipochakaa akashona nyingine kwa uzi ule ule. Hakuwekwa kizuka kukaa eda, wala hakuolewa. Si mke, si mjane, mpaka akafa, na Bibi, mjukuu wake, akaurithi uzi na kanzu kama wengine wanavyorithi mashamba. Na baada ya mapinduzi, Bibi alipotoka Unguja na watoto wawili na sanduku moja, watu waliomuona anaikunja kanzu ya mtu aliyepotea tangu enzi za Mjarumani walidhani kapata wazimu.

"Watoto hawana sweta na wewe unapakia kanzu," alisema mama kwa sauti ya kuchoka. Nilitambua ni maneno aliyokuwa akiambiwa Bibi na watu, na mama alikuwa ameyaokota utotoni.

"Walijua njia ya kuja kumchukua," alisema Bibi, akinitazama mimi, si mama. "Walikuwa na askari, na meli, na karani. Njia ya kurudi kutwambia ndiyo iliyowapotea? Mimi simzuii mtu kufa, mjukuu wangu. Lakini aliyemchukua na aje abishe hodi, aseme, 'Bibi, tulimchukua mtu wako, amekufa.' Akishasema tutalia, tutasoma hitma, tutaitoa kanzu. Mimi nangoja hodi tu."

Muhogo ukachemka. Tulikula. Ua la kijana wa mikate nililitupa, kisha nikalitoa jaani kwa sababu na yeye hakuwa na kosa, nikaliweka ndani ya kitabu.

Nilikwenda chuo kikuu nikasoma historia, kwa sababu ya hasira tu, ambayo si sababu nzuri ya kuchagua masomo kama mnataka ajira. Nikajua kwamba hata kadi ya Mwisho haikuwa sawa. Huko Afrika Mashariki bunduki ziliendelea siku kadhaa baada ya lile behewa na ile kalamu, maana jemadari wa Kijerumani alikuwa porini na habari zilikwenda kwa miguu. Nikajua kwamba wanyama wa mizigo walikuwa wakifa kwa mbung'o, ndipo watu wakawekwa mahali pa wanyama. Hayo ndiyo mageuzi yetu. Nikajua kwamba wapagazi walikufa wengi sana, zaidi kwa matumbo na baridi na njaa kuliko kwa risasi, na kwamba wakubwa waliamua si lazima kila mmoja wao awe na jiwe lenye jina. Niliyasoma hayo maktabani, pamenyamaza, na nikatamani kuvunja kitu.

Na sitasema uongo, nilimkasirikia Bibi pia. Watu waliokuja kwenye maziko yake walisema alikuwa mwanamke wa subira, subira yavuta heri. Ilivuta nini? Ilivuta wanawake wawili wa ukoo mmoja hadi kaburini wakiwa wamekaa mlangoni, na sasa ilikuwa inanivuta mimi.

Hilo ndilo swali lililonitoa usingizi. Nikiitoa kanzu pamoja na nguo za Bibi, nimemuua mtu ambaye wanawake wale walikataa kumuua, na nimefanya kazi ya Miss Dawson. Nikiiweka, nitanunua kapu, nitanunua udi, nitasimama jikoni kwangu siku moja nikimwambia mtoto apepee taulo. Mjomba Salum, kaka yake mama, aliniambia kwenye simu, "Kanzu ni kanzu. Ipeleke msikitini, mtu ataivaa." Mama alisema, "Mama hakutaka," akaishia hapo. Nilizunguka, nikarudi, nikazunguka. Nikaanza kuandika barua pepe kwa wizara moja ya serikali kuwaomba waje wabishe hodi. Nikaifuta kwa sababu nilijua jibu lake litakuwa ni lile lile "ah", kwa maneno marefu zaidi. Na nilipokuwa naifuta nikaona jambo ambalo labda nyinyi mmekwisha kuliona zamani: hapana aliyebaki wa kuja. Aliyemkamata alikufa, karani alikufa, serikali yenyewe ile ilikwisha kukunja bendera yake. Hodi haiji. Kama khabari italetwa, italetwa na mtu wa nyumba ile ile.

Arubaini tuliisoma nyumbani, Jumapili. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake chumba cha nyuma, na mlango wa katikati ukaachwa wazi kidogo ili sauti zipite. Hitma ilipokaribia kumalizika, Mjomba Salum alianza kuwataja marehemu wa kuombewa: Bibi, mumewe, wazazi wake, Bibi Mize. Aliposita nilisimama mlangoni.

"Mjomba, na Makame bin Ali."

"Nitamtaja kwenye wasafiri."

"Hapana. Kwenye marehemu."

Nyuma yangu bibi mmoja mkongwe, shoga yake Bibi tangu Unguja, aliuliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Nani kaleta khabari?"

"Mimi," nilisema. "Nimeleta khabari mimi. Walimchukua kwa nguvu, wakambebesha mizigo yao, wakamlisha unga mbichi, akafa huko bara, na hawakuja kusema. Nasema mimi. Amekufa."

Mjomba alimtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa amesimama na sinia la kahawa, machozi yanamtiririka, hajayafuta. "Mtaje," alisema.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema yule bibi mkongwe, na wanawake wote wakaitikia, na nikasikia kilio chumba cha nyuma, kilio kibichi, kama cha mtu aliyefariki asubuhi ile.

Watu walipokwisha kula nilimfuata Kombo uani. Kombo ni Mpemba aliyehamia Barking hivi karibuni, anafanya kazi ghala la mboga, kupakia na kupakua, na ndiye aliyetangulia kulishika jeneza la Bibi. Alikuja na koti la kazini kwa sababu zamu yake ilikuwa jioni. Ni mfupi. Nilimpa mfuko wa plastiki.

Alifungua akanusa. "Mashallah. Ya nani?"

"Ya marehemu Makame. Alikufa vitani."

"Mungu amrehemu." Akavua koti, akaivaa pale pale juu ya nguo zake, akajitazama chini. Ilimfika juu kidogo ya kifundo cha mguu, inapotakiwa. "Utasema nilipimwa mimi," alisema Kombo, akacheka, akavaa koti lake juu yake na kuondoka kwenda kuwahi basi.

Hivyo ndivyo vita vya kwanza vya dunia vilivyokwisha: Ilford, Jumapili, baada ya adhuhuri, sufuria za pilau zikiwa bado hazijaoshwa.